Nguzo Ikishuka Chini

Hapa Buseresere mbao haizeeki, inaliwa. Mchwa huanzia chini ya fremu ya mlango, hupanda taratibu ndani ya ukuta wa tofali za kuchoma, na siku unapogonga kwa kidole unasikia utupu. Ukisukuma kidogo, kinachobaki mkononi ni ganda la rangi na udongo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya historia ya ujenzi wetu ni historia ya kumtafutia mchwa kitu asichokipenda.

Wazee walianza na kuchagua mti. Mninga na mkurungu vilithaminiwa kwa sababu mchwa hauchangamkii moyo wao mwekundu. Mti wa kawaida ulipolazimu kusimama ardhini, ncha yake ilichomwa mpaka ikawa mkaa kwa nje, au shimo likajazwa majivu kabla ya kushindiliwa. Yalipokuja magari, ikaja oili chafu. Mpaka leo ukipita gereji yoyote kati ya Katoro na Buseresere utaona madumu ya oili nyeusi yakisubiri mteja, na mteja huyo hana gari. Ana banda la kuku, au paa analotaka kuezeka, au choo. Yalipostawi mashamba ya pamba, baadhi ya watu walipaka dawa ya pamba iliyobaki. Na sasa kuna "mbao za dawa", zile za kijani kijani zilizopangwa kando ya barabara kuu ya kwenda Chato na Bukoba, pamoja na nguzo, ambazo ndizo hasa ninazotaka kuzizungumzia.

Ninafundisha historia sekondari, na swali hili lilinifikia kwa njia ya majirani. Chekechea moja ya hapa ilitengenezewa matuta ya kuinuliwa ili watoto wapande mchicha bila kuku na mbuzi kuumaliza. Wazo lilikuwa zuri. Kingo za matuta zilitengenezwa kwa vipande vya nguzo za umeme zilizokwisha kazi, vikakatwa kwa msumeno, vikalazwa, udongo na samadi vikajazwa katikati. Mama mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe alisimama akaangalia, akaniuliza, kwa vile nilikuwa karibu na wananiita mwalimu:

"Samahani, mwalimu. Hizi si ndizo zile nguzo wanazosema zina sumu?"

Kabla sijafungua mdomo fundi akanijibia. "Ingekuwa sumu, mama, mafundi wa umeme wangeshakwisha wote."

Watu wakacheka, na yeye akacheka nao, lakini hakuondoa macho kwenye tuta. Mwanawe alikuwa amekaa juu ya kipande cha nguzo, anakikwaruza kwa kijiti.

Mama alikuwa na haki ya kuuliza, na fundi naye alikuwa na hoja. Kati ya swali lake na jibu la fundi kuna historia ya miaka 90, na sehemu yake moja imepita mikononi mwetu bila kusimuliwa.

Dawa iliyomo ndani ya nguzo nyingi za aina hii ilizaliwa India. Huko Dehradun, chini ya milima ya Himalaya, kuna Taasisi ya Utafiti wa Misitu, na ndani yake miaka ya 1930 alifanya kazi mtaalamu aitwaye Sonti Kamesan. India ilikuwa na shida tunayoijua: joto, mvua, kuvu na mchwa. Wazungu walikuwa na njia yao ya zamani. Tangu mwaka 1838, Mwingereza John Bethell alipopata hataza yake, mti uliingizwa kwenye tangi refu la chuma, hewa ikanyonywa, kisha mafuta yatokanayo na lami ya makaa ya mawe yakasukumwa ndani ya mti kwa mgandamizo. Mafuta hayo yalinuka, yalichafua nguo na yalitegemea viwanda vya makaa. Mwaka 1933 Kamesan alipata mchanganyiko wa kuyeyusha katika maji: shaba, kromiamu na aseniki. Mwaka 1938 Marekani ikampa hataza.

Kila kimoja kati ya vitatu hivyo kina kazi yake. Shaba inaua kuvu. Aseniki inaua mchwa, na zile kuvu chache zinazoistahimili shaba. Kromiamu ndiyo gundi: inapokutana na nyuzi za mti inabadilika umbo la kikemia na kuvifunga vingine viwili visioshwe na mvua. Ufungaji huo unataka muda, siku kadhaa hadi wiki kadhaa kutegemea joto, na nguzo inayotolewa kiwandani kabla ya wakati wake bado inachuruzika dawa. Mti hutoka na rangi ya kijani iliyopauka. Miaka inavyokwenda jua huibadilisha kuwa ya kijivu, na hapo mtu asiyejua hawezi kuitofautisha na nguzo nyingine yoyote iliyokauka.

Kuhusu kiasi, kiwango cha Marekani kwa mbao inayogusa ardhi kilitaka mita moja ya ujazo ibaki na kilo 6.4 za dawa hii. Sehemu 34 kati ya 100 za dawa ni oksidi ya aseniki. Piga hesabu: zaidi ya kilo 2 katika mita moja ya ujazo, nayo ni kama nguzo tatu za urefu wa mita 10 na unene wa sentimita 20. Mganga wa zamani wa sumu angeshangaa kusikia kwamba tumesimamisha kiasi hicho barabarani, tena kwa faida. Maana faida ipo, nayo haina ubishi. Nguzo isiyo na dawa katika ardhi yetu inaweza kuanguka baada ya miaka michache, ilhali yenye dawa husimama miongo. Bila dawa ya Kamesan, au nyingine ya jinsi yake, umeme wa vijijini ungekuwa kazi ya kupanda nguzo upya kila mara.

Na aseniki haikuwa mgeni Afrika. Ilitangulia kufika kwa njia ya ng'ombe. Mwanzoni mwa karne ya 20 ndigana kali ilienea kutoka Afrika Mashariki mpaka kusini mwa bara na kuua mifugo bila idadi. Ilipofahamika kwamba kupe ndio wanaoisambaza, serikali za kikoloni zilichimba majosho na kuyajaza maji ya aseniki. Ng'ombe aliogelea, akatoka upande wa pili akichuruzika, na kupe wakafa. Baada ya muda kupe wakazoea, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaja dawa nyingine. Majosho yakaachwa. Lakini aseniki haiozi. Ni elementi, haina kitu cha kuoza kuwa. Katika jimbo la New South Wales, Australia, walipohesabu majosho ya zamani walipata zaidi ya 1,600, na mengi udongo wake bado ulikuwa na sumu, mengine yakiwa tayari kando ya nyumba za watu. Ng'ombe hawakuwepo tena, wala waliowaogesha. Kilichobaki ni udongo tu, na asiyeambiwa habari zake angeweza kupanda viazi.

Hilo ndilo ninaloliona kuwa kiini cha jambo zima. Sumu inayojulikana ina mahali pake, ina mlinzi na ina masharti. Inaanza kudhuru inapohama mahali pake na habari zake zisihame nayo.

Nguzo zetu zilikuja kutoka kusini. Mikaratusi na misindano ya Mufindi na Njombe ilikua mpaka ikafaa, ikakatwa, ikaingizwa kwenye matangi ya mgandamizo Mafinga na Njombe, kisha ikapandishwa malori kuja kaskazini. Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 ilizaa Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi mwaka 2007, na miaka iliyofuata nguzo zikaingia vijiji ambavyo havikuwahi kuota kuwasha taa. Mwaka 2017 serikali ikazuia nguzo za kutoka nje, na viwanda vya Nyanda za Juu vikapata kazi zaidi. Ninakumbuka malori yale yakipita hapa, nguzo zikining'inia nyuma zimefungwa kitambaa chekundu. Hatukuwaza sumu. Tuliwaza friji, mashine ya kusaga na simu isiyozimika.

Nguzo ikiwa juu, na waya wake, ina mwenyewe. Ina namba na mita, na mtu wa kupigiwa simu ikiinama. Kisha lori linaigonga, au upepo wa vuli unaiangusha, au inabadilishwa kwa ya zege kama zinavyoonekana siku hizi, na ile ya zamani inalala kando ya barabara. Wiki ya kwanza bado ni mali ya shirika. Mwezi wa tatu imekuwa benchi la bodaboda. Mwaka unaofuata imekatwa vipande vinne: kimoja nguzo ya geti, kingine kimesaidia kuvuka mtaro, cha tatu kimekwenda jikoni kwa mama lishe, cha nne kimezungushia tuta la mchicha. Njiani huko kote hakuna aliyesema uongo. Ni kwamba kila aliyepokea alipokea mti, hakupokea habari zake.

Kati ya safari hizo nne, inayonitisha zaidi ni ile ya jikoni. Mwaka 1984 madaktari wa Marekani waliandika habari za familia moja ya watu 8 katika jimbo la Wisconsin. Kwa takriban miaka mitatu walikuwa wakiugua, nywele zikiwatoka, watoto wakipata degedege, na hali ilizidi kila kipindi cha baridi. Ikagundulika kwamba jiko lao la kupasha nyumba joto lilikuwa likila mabaki ya mbao zilizotiwa dawa hii. Moto ulifungua kile ambacho kromiamu ilikifunga. Aseniki ikatoka na moshi, na nyingine ikabaki kwenye majivu. Sisi ambao majivu tunayamwaga shambani kama mbolea, na tunayasugulia sufuria, tuna sababu ya kuisoma habari hiyo mara mbili.

Kuhusu bustani, fundi alikuwa na sehemu ya ukweli. Nguzo iliyotulia hairushi sumu hewani. Hata ikilazwa kando ya tuta, tafiti nyingi zimeonyesha kwamba aseniki inayotoka haiendi mbali. Iliyo nyingi hubaki katika udongo wa sentimita chache kutoka kwenye mti. Mmea nao hauipokei kwa mikono miwili. Sehemu kubwa hukwama kwenye mizizi na kwenye udongo ulioshika mizizi. Mchicha uliooshwa vizuri na kuchumwa katikati ya tuta si sawa na karoti iliyong'olewa kando ya nguzo ikaliwa na ganda lake.

Lakini kuna mambo yanayoongeza mwendo wa sumu hiyo, na karibu yote yalikuwepo kwenye tuta lile. Udongo wenye asidi huongeza. Samadi na mboji zikiwa nyingi huweza kuongeza, na tuta la kuinuliwa ni samadi na mboji. Mbolea ya fosfeti huongeza kwa namna ya pekee, kwa sababu fosfeti na aseniki zinafanana kikemia kiasi kwamba moja humsukuma mwenzake kutoka kwenye chembe za udongo, kama abiria wawili wanaogombea siti moja ya Hiace. Na kubwa kuliko yote ni msumeno. Ukiikata nguzo, unga wa mbao unaanguka papo hapo ulipo, nao ni dawa ile ile iliyosagwa. Vipande vile vilikatiwa ndani ya uwanja wa watoto.

Sasa rudi kwa mafundi wa umeme wa fundi wetu. Fundi wa umeme ni mtu mzima, ana glavu, anapanda nguzo, anashuka, ananawa. Mtoto wa miaka minne ana kilo 15, anakaa juu ya nguzo, anaishika na kuikwaruza, kisha mkono unakwenda mdomoni. Hakumhitaji karoti amletee sumu. Hofu iliyobadilisha sheria duniani ilitoka hapo hapo, kwenye mikono ya watoto. Marekani ilikuwa imejenga bembea na viwanja vya michezo kwa mbao hizi kwa miongo mingi. Watafiti walipopangusa mbao hizo kwa kitambaa, kitambaa kilitoka na aseniki. Mwaka 2002 watengenezaji walikubaliana na serikali kuacha, na baada ya tarehe 31 Desemba 2003 dawa hii haikuruhusiwa tena kutumika katika mbao za majumbani, za viwanja vya watoto na za bustani. Ulaya ilibana matumizi yake mwaka 2004, Australia mwaka 2006. Mahali pake wakaweka dawa za shaba zisizo na aseniki. Nguzo za umeme hazikuguswa na katazo hilo, na sababu ilielezwa wazi: nguzo inasimama mbali na midomo ya watoto. Uhalali wote wa nguzo unategemea kwamba itabaki nguzo.

Kwingineko hadithi ingeishia hapo. Buseresere haiwezi, kwa sababu sisi tumekaa juu ya ukanda wa dhahabu. Dhahabu ya kanda hii hupenda kukaa na mawe ya salfa, na mojawapo ni jiwe la rangi ya fedha ambalo ndani yake kuna chuma, salfa na aseniki. Tangu mgodi wa zama za Waingereza pale Geita, uliofanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966, mpaka mgodi mkubwa uliofunguliwa mwaka 2000, na maelfu ya maduara ya wachimbaji wadogo katikati yake, jiwe hilo limekuwa likitolewa gizani na kuletwa juani. Karasha zinalisaga liwe unga. Dhahabu inachukuliwa kwa zebaki au sayanaidi, na kinachobaki tunakiita marudio. Watafiti wamepima maji ya visima katika maeneo ya uchimbaji ya bonde la Ziwa Viktoria na kukuta baadhi yakizidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni mikrogramu 10 za aseniki kwa lita. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa udongo unaoliwa na wajawazito katika maeneo ya wachimbaji wadogo Geita, ule unaouzwa sokoni kwa jina la pemba, na aseniki ilikuwemo.

Kwa hiyo mtoto wa Buseresere haanzi na sifuri. Mtoto wa mji usio na mgodi anaweza kukutana na aseniki kwenye tuta peke yake. Wa kwetu huenda ameshaipata kidogo kwenye maji, kidogo kwenye vumbi la karasha, na kidogo tumboni mwa mama yake. Kila moja peke yake inaweza kuitwa ndogo. Mwili haujui tofauti ya aseniki ya Dehradun na ya Geita, unajumlisha. Na madhara yake, ngozi inayobadilika, saratani ya kibofu na ya mapafu, huja baada ya miaka mingi, wakati ambapo tuta lile halipo na hakuna atakayelikumbuka.

Kuna watakaosema kwamba maskini hachagui ubao. Ninalielewa neno hilo, lakini halifai hapa, maana tofali la kuchoma lipo kila kona ya mji huu. Hata tuta la udongo mtupu lenye uzio wa matete linatosha kumzuia kuku. Pale chekechea nilieleza niliyoyajua, bila kupandisha sauti, na wazazi wakakubaliana. Vipande vya nguzo viliondolewa vizima, bila kukatwa tena wala kuchomwa, vikaenda kusimamia uzio wa zizi mbali na kisima. Udongo uliokuwa umevigusa, kiasi cha upana wa kiganja, ulichotwa pamoja na unga wa msumeno ukafukiwa mahali pasipolimwa. Matuta yalijengwa upya kwa tofali, na udongo mpya ulichimbwa shamba lisilo karibu na karasha. Gharama yake haikufika bei ya nguzo mpya moja.

Muhula huo huo niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha pili kazi ya likizo. Kila mmoja achague ubao mmoja au nguzo moja ya nyumbani kwao, aulize ilitoka wapi na ilipakwa nini. Walizoea historia ya Karl Peters na Azimio la Arusha, wengine wakadhani ninatania. Waliporudi daftari zilikuwa zimejaa. Oili chafu ilitajwa mara nyingi kuliko chochote. Mmoja aliandika kwamba mlango wa jikoni kwao ni mninga wa babu, haujapakwa kitu, na mchwa umekula fremu ukauacha mlango. Mwingine aligundua kwamba vitasa vya banda la kuku vimepigiliwa kwenye matimba yaliyotolewa duarani. Watatu walikuta nguzo ya umeme. Kati yao, msichana mmoja alichora ramani ya ua wa kwao, akaweka alama ya msalaba mahali kipande kilipo, na pembeni akaandika kwa kalamu nyekundu: "Kina dawa ya aseniki. Nimemwambia mama, na mdogo wangu nimemwonyesha."